Kapita Twaibu na Mkono Uliojaa

Gentille alipoibandika sura ya Kapita Twaibu kwenye ukuta wa soko la Mikelenge, alidhani amepata dawa. Ilikuwa picha kubwa ya rangi: mzee anacheka kwa meno yake machache aliyobakiwa nayo, nyuma yake mashua mpya, juu yake maandishi manono, KUYA TUJENGE PAMOJA. Chini, kwa herufi ndogo, iliandikwa: Baba wa vijana wa maji. Gentille hakuwa mtu wa Kindu. Angekuwa mtu wa Kindu, angebandika sura ya shetani kabla ya kubandika ile.

Msimlaumu lakini. Alikuwa binti wa Kakule, mfanyabiashara wa Butembo aliyenunua karakana ya mashua ukingoni mwa Lualaba miaka sita nyuma. Pale ndipo zinapoundwa balenyeri, zile mashua ndefu za mbao zinazoshusha mchele, mawese na watu mpaka Ubundu. Kakule alinunua mbao, mashine na mafundi watano, na aliye kijana kuliko wote kati yao alikuwa na miaka hamsini na miwili. Mmoja akiumwa mgongo, kazi inalala. Ndipo mwaka huu wa 2024 Kakule akamwita bintiye, aliyesomea uongozi wa makampuni kule Goma, akamwambia maneno machache: mwisho wa Juni ataka kuona vijana wanane humu ndani. Wasipopatikana, mashine zinapanda mashua kwenda Kisangani, na karakana inafungwa.

Twaibu alikuwepo maneno hayo yaliposemwa. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na kati ya hiyo, arobaini na minne aliimaliza palepale, kwanza akishika nyundo, kisha akiwa kapita, yaani msimamizi wa mafundi. Mkewe alikwisha kufa. Mwanawe wa pekee, Idrissa, aliendesha lori huko Lubumbashi na kupiga simu siku za Idi. Ukimwondolea mzee huyu karakana, ulikuwa umemwacha na kitanda na birika.

Basi Gentille akaingia kazini, na haki yake tumpe, aliifanya vizuri. Hakukaa ofisini kubuni. Alizunguka na kalamu kwa waendesha pikipiki wa kukodi, kwa wanaouza vocha, kwa waliokaa tu barazani, akawauliza wanataka kazi ya namna gani. Wakasema wanataka kujifunza kitu chenye cheti, wanataka buti na glavu, wanataka wasitukanwe na wazee. Akavileta vyote. Akaweka wali na maharage mchana. Akashona fulana za rangi ya machungwa. Akapiga video ya Twaibu akipinda ubao juu ya moto, akaitupa kwenye simu za mji mzima, na watu wakaipiga mioyo myekundu mpaka akachoka kuhesabu. Jumapili moja akaandaa mechi ya mpira. Vijana walikuja, wakala wali, wakafunga mabao matatu, wakaondoka na fulana zao. Jumatatu yake mlangoni alikuwepo mbuzi tu.

"Papa Twaibu," Gentille alimwambia siku hiyo, "hii mambo yenu ya kushikana mikono njo inafukuza vijana. Kijana wa leo hapendi mama yake amutoe sawa vile kuku ya zawadi. Anapenda kujiandikisha yeye mwenyewe, na telefone yake."

"Ondoa, mama," Twaibu alijibu. "Ondoa kabisa."

Gentille alikuwa amejiandaa kwa ubishi wa wiki nzima, akashangaa mzee ameachia upesi hivyo. Hakujua kwamba yule mzee hakutaka jambo lile hata litajwe.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Tangu enzi za baba zao, kijana hakuingia karakana ile kwa karatasi. Mzazi wake alikuja naye asubuhi, akamshika kifundo cha mkono, akakitia katika kiganja cha kapita na kusema: "Huyu sasa njo wako. Nitamuulizia kwako." Kapita akajibu: "Uniulize mimi." Basi, kijana ameajiriwa. Na kulikuwa na sheria ya pili, ambayo haikusemwa lakini kila mtoto wa Kindu aliijua kabla ya kujua kuogelea. Kapita hakanyagi nyumbani kwa kijana wake. Haendi harusini, haendi kuona mtoto aliyezaliwa. Hutuma salamu na jogoo. Siku pekee anayofika kwa miguu yake ni siku maji yamemla mtu, kwa maana habari ya kifo haipelekwi na mwingine. Ndiyo maana Twaibu alipokuwa na njia ya kupita Mikelenge, alizunguka nyuma ya mashamba ya mihogo, asije akatisha watu bure.

Na ya tatu, iliyozaliwa na hizo mbili: kapita ambaye hajarudisha alichopewa, mkono wake umejaa. Huwezi kutia mtoto mwingine humo.

Mkono wa Twaibu ulijaa mwaka 1999. Vita vilikuwa vimeufunga mji; treni haiji, barabara haipitiki, chumvi ilikuwa kitu cha kuota. Watu walichemsha majani ya muhogo wakayala hivyohivyo, na watoto wakawa na miguu ya kuvimba. Karakana ililala. Ndipo askari walioushika mji wakamwita Twaibu, wakamwambia kwa upole kabisa kwamba wanataka vijana wa kupakia mashua, washuke nazo mpaka Ubundu kuchukua chumvi na sabuni, wiki mbili tu, na kila mmoja atalipwa kwa chumvi. Wakampa baiskeli na kipaza sauti.

Naye akatangaza. Mwenyezi Mungu alimpa sauti, na njaa ikampa maneno. Siku tatu alizunguka Kasuku na Mikelenge, akavuka mpaka Alunguli, akiita: "Kazi ya chumvi! Kazi ya wiki mbili! Mulete vijana kwa Twaibu!" Hakuwa na fulana wala picha. Alikuwa na jina lake, na lilitosha. Wazazi waliokuwa wamewaficha watoto wao darini wakawashusha, wakawaleta, kwa sababu anayeita si askari, ni kapita. Kumi na wanne alishikishwa, mmoja baada ya mwingine, na mara kumi na nne alisema uniulize mimi.

Josiane alimleta Donatien, mwanawe wa pekee, miaka kumi na minane, kijana mchekeshaji ambaye tayari alikuwa na msichana mwenye mimba na aibu ya kumwambia mama yake. Alimwambia njiani siku hiyohiyo. Josiane alimkabidhi huku bado anamgombeza.

Idrissa wa Twaibu, miaka kumi na sita, alijiandika wa kumi na tano.

Asubuhi ya safari Twaibu aliingia kwenye mashua kuangalia mzigo umekaaje. Aliinua turubai. Chini yake kulikuwa na buti za askari, mpya, zimefungwa jozi jozi kwa kamba, nyingi. Mpakiaji wa chumvi hapewi buti. Alilishusha turubai polepole. Ukingoni askari walisimama na bunduki zao wakivuta sigara, na vijana walikuwa wakitaniana wakipanda. Twaibu alimwita mwanawe. Alimwambia amesahau mita yake ya kupimia mbao nyumbani, akimbie akailete, aitafute vizuri. Mtoto akaondoka mbio. Mita ilikuwa mfukoni mwa Twaibu. Mashua ikang'oa nanga Idrissa akiwa bado anapekua chini ya kitanda, na kijana wa watu alilia siku nzima kwamba wenzake wamemwacha.

Angesema, wangempiga risasi. Hilo ni kweli, na Twaibu alijiambia kila siku kwa miaka ishirini na mitano. Kweli nyingine aliijua pia, lakini hiyo hakujiambia.

Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa miaka. Mwaka 2003, vita vilipopoa, alikuja mtu mmoja karakana, mkono wake wa kulia umekatika kwenye kiwiko. Ilimchukua Twaibu muda kumtambua Cédric, mmoja wa wale kumi na wanne. Wazazi wake walikwisha kufa kwa kipindupindu, hakuwa na mlango wa kubisha mjini. Alikuja kwa kapita tu, kama inavyotakiwa. Akakaa juu ya gogo, akaeleza. Walivishwa buti siku ya pili. Wakapewa bunduki siku ya tano. Mbele ya Ubundu walianza kufa, na mwaka uliofuata walikwisha wote isipokuwa yeye. Alitaja kila mmoja na mahali alipoangukia. Donatien alikuwa wa saba.

"Utaenda kwao, Papa Kapita?" Cédric aliuliza.

"Nitaenda."

Cédric akaondoka mchana uleule kwenda Obokote kwa wajomba zake, akalime, na hakurudi tena. Kesho yake Twaibu alivaa kanzu safi, akaanza safari ya nyumba kumi na tatu. Alifika kwenye kona ya Mikelenge, akamwona Josiane kwa mbali anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, mgongoni amembeba mtoto wa Donatien. Alikuwa akiimba. Twaibu akasimama kidogo, akageuka, akarudi kwa njia ya mashamba.

Naam, na hapo ndipo ubaya wenyewe ulipo. Kwa kuwa kapita hakuja, kina mama walijua watoto wao wazima. Hawakukaa kilio. Hawakunyoa nywele. Waliambiana sokoni: "Kapita angalikuwa ameshakuya." Na kila Jumatatu ya Pasaka Josiane alikwenda kwenye lango la karakana, amevaa kitenge chake cha misa, akasimama nje na kuuliza kama alivyoahidi:

"Papa Idrissa, nakuulizia mutoto wangu."

"Bado, Mama Donatien."

"Haya. Bado si hapana."

Mara ishirini na moja alimjibu bado akijua ni uongo. Aliuona uso wa yule mama ukinywea na kufufuka tena pale pale, na kila mwaka aliona heri ngumi.

Ndiyo kazi ambayo Gentille alikuwa anaipaka rangi ya machungwa. Alidhani vijana wanakimbia wazee wakali na nyundo nzito. Vijana hawakukimbia nyundo. Walikua wakisikia kwa bibi zao kwamba ukienda kwa Twaibu unakuwa wa kumi na tano kutorudi.

Mmoja alikuja hata hivyo. Alijiandikisha kwa simu, kama tangazo lilivyosema, bila mama wala bibi: Dieumerci, miaka ishirini na minne, mwendesha pikipiki wa kituo cha Mikelenge. Asubuhi yake ya kwanza aliona jenereta ya karakana imekaa kimya, akauliza tangu lini, wakamwambia tangu Machi. Kabla ya saa sita ilikuwa inanguruma. Gentille alipiga makofi kama mtoto. Mtu huyo, alimwambia Twaibu, akibaki, kituo kizima cha pikipiki kitamfuata, na wanane tumewapata.

Twaibu alikuwa hajamsikia. Alikuwa anaangalia sikio la kushoto la kijana, lililokunjika juu, kama la Donatien.

Siku tatu alimfundisha kuziba nyufa za mashua kwa pamba na lami, na mafundi wazee waliona jambo ambalo hawakuwa wameliona kwa miaka mingi: Kapita anataniana. Alimwambia kijana vidole vyake vimeumbwa kwa kufungua soda. Kijana akamwambia na meno ya Kapita yameumbwa kwa uji. Walicheka mpaka lami ikapoa. Nami nasema wazi, zile siku tatu Twaibu alikuwa na furaha, na hakuwa na haki nayo.

Siku ya nne Dieumerci hakuja kazini. Alasiri alifika na pikipiki, hakuzima injini, akatoa fulana iliyokunjwa vizuri.

"Koko amekatala," alisema, akimtaja bibi yake. "Anasema mukono yako iko imejaa. Anasema baba yangu njo angali mule ndani."

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi? Mimi nasema Jumatatu naenda Pangi, ku karyere. Benzangu bako banachimba zahabu kule. Kazi ya mashua njo nilipenda, Papa Kapita. Lakini siwezi kupita juu ya koko."

Machimbo ya Pangi watu wa Kindu waliyajua. Mwezi ule tu shimo lilikuwa limeangukia watu, na waliofukiwa walijulikana idadi baada ya siku nne, kwa kuhesabu ndala zilizobaki juu. Twaibu alishika ile fulana mikononi mpaka sauti ya pikipiki ikapotea.

"Twende kwao," Gentille alisema alipojua kijana amekatazwa. "Kwetu Butembo, mukubwa akitaka mufanyakazi muzuri, anaenda yeye mwenyewe, anakaa, anaongea na wazazi. Ile njo heshima. Wewe njo muntu wa hapa, koko yake atakusikia."

Twaibu angeweza kumweleza. Lakini aliona kichwani mwake shimo na ndala, na sikio lile lililokunjika, na akajisemea moyoni, baba nilimpoteza, mtoto simpotezi. Halafu akaanza kujipa sababu. Mtu mzima akitaka kujidanganya hahitaji msaidizi. Mambo ya mikono yameondolewa, alijiambia; dunia imegeuka; miaka ishirini na mitano ni mingi; nitakwenda na huyu binti, nitavaa fulana ya kazi, kila mtu ataona nimekwenda kwa ajili ya kazi.

Ndivyo alivyoingia Mikelenge Ijumaa asubuhi, kwa njia kubwa, amevaa fulana ya machungwa yenye maandishi KUYA TUJENGE PAMOJA.

Josiane alikuwa uani anapepeta mchele. Dieumerci alikuwa amechuchumaa pembeni anafunga mizigo ya safari. Bibi aliinua macho, akamwona nani anakuja, akaona miguu yake inavuka mfereji na kukanyaga ua wake. Aliweka ungo chini taratibu, asimwage hata punje.

"Papa Idrissa," alisema. "Umekuya."

"Nimekuya, Mama Donatien."

"Na miguu yako."

Gentille, ambaye hakujua yuko wapi, akaanza hotuba yake kwa adabu zote. Alisema shikamoo mama, tumekuja kumwombea Dieumerci, kuna cheti baada ya miezi sita, kuna dawa akiumia, kuna chakula mchana. Josiane hakumtazama. Alikuwa anafungua kilemba chake, mkunjo baada ya mkunjo, mpaka nywele nyeupe zikabaki wazi juani.

"Alifia wapi?" aliuliza.

"Hapana, mama!" Gentille alishtuka. "Hakuna muntu amekufa. Tumekuya juu ya Dieumerci."

Wote wakamgeukia Twaibu. Na hapo, wasomaji wangu, alikuwa na mlango wazi. Neno moja, tena neno la kweli: tumekuja kwa ajili ya Dieumerci. Mama yule angefunga kilemba chake, angerudi na swali lake Pasaka ijayo. Twaibu alimtazama, akaona amesimama wima kama mtu anayesubiri kutwishwa mzigo, na hakuweza tena.

"Mbele ya Ubundu," alisema. "Mwaka elfu mbili. Cédric njo alimuzika."

"Cédric alikuambia lini?"

"Elfu mbili na tatu."

Josiane alihesabu kwa vidole. Alipomaliza vya mkono mmoja akahamia wa pili, kisha akarudi wa kwanza, halafu akaacha.

"Na miye nilikuwa nakuya kwako kila Pasaka," alisema. "Nilikuwa navaa."

Kisha akalia. Uchungu wa mwana aujua mzazi, na ule ulikuwa umengoja miaka ishirini na mitano. Ulitoka kwa sauti ambayo Dieumerci hakuwahi kuisikia kwa bibi yake. Kijana alimshika asianguke. Majirani wakaja mbio, na kila aliyefika mlangoni akamwona kapita amesimama uani, na hakuuliza kitu.

Habari ikamtangulia. Twaibu alipotoka pale, aliona hana ruhusa tena ya kurudi nyumbani; zilibaki nyumba kumi na mbili. Alikwenda. Kina mama walikuwa wamekwisha kusimama milangoni. Wengine walikuwa wamekufa, na badala yao wakapokea dada na wajukuu. Mmoja alimpa maji ya kunywa kwanza, akamwambia sasa sema. Lakini kule Kasuku, Mama Pélagie, ambaye hakuwa na mtoto mwingine wala mjukuu, alimwona akiwa bado mbali, akaburuta benchi akaliweka kuzuia njia, akasimama nyuma yake akipunga mikono.

"Usifike!" alipiga kelele. "Papa Idrissa, hujafika! Rudi! Bado hujafika!"

Twaibu alisimama kwenye jua upande huu wa benchi, yeye upande ule, mpaka miguu ya yule mama ilipochoka.

Kilio cha wote kumi na watatu kilikaliwa uani kwa Josiane, kwa kuwa ndipo kilipoanzia. Mikeka ilitandikwa, Wakristo waliimba, mashehe walisoma. Anayeleta habari hukaa mpaka matanga yainuliwe, na Twaibu alikaa pembezoni mwa mkeka wa mwisho, bado ana ile fulana mwilini, hakuna aliyemletea nguo. Jumapili mchana Dieumerci alikuja akachuchumaa mbele yake. Watu wakapunguza sauti.

"Papa Kapita. Ile asubuyi, ulijua?"

Angejibu hapana, nani angembishia? Lakini alikuwa amechoka.

"Niliona buti chini ya turubai," alisema. "Nilijua. Nilimutuma Idrissa nyumba akalete mita. Mita ilikuwa mu mufuko yangu."

Mtu fulani aliweka kikombe chini. Josiane, aliyekuwa ameegemea ukuta, ndiye aliyesema kwanza.

"Na huyu wangu, hukumutuma kitu?"

"Hapana, mama."

"Hata kiberiti?"

"Hata kiberiti."

Josiane alitikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kwamba kitu alichokitafuta sokoni hakipo. Gentille alikuwa amekaa na wanawake siku zote tatu akiosha sahani. Sasa alisimama, macho yamemvimba, akamwambia Dieumerci kwamba kama shida ni kapita, kapita ataondoka, hata leo. Twaibu mwenyewe alidakia akasema ndiyo, ameshaondoka, funguo ziko kwa Gentille, kijana abaki na ufundi wake, mkono wa binti huyu ni mkono safi. Alisema akiomba. Alishika hata ukingo wa suruali ya kijana.

Dieumerci aliutoa mkono ule kwa upole.

"Mushimo ya Pangi," alisema, "angalau inajionyesha kama njo mushimo."

Jumatatu alfajiri akaondoka na wenzake watatu, pikipiki mbili, makoleo yamefungwa kwa mpira nyuma. Nilimalize na la karakana hapahapa: mwisho wa Juni ulifika na vijana wawili tu, na Kakule, ambaye si mtu wa kurudia neno, akaifunga. Gentille alizibandua picha zote yeye mwenyewe, kwa kisu na ndoo ya maji, na ile ya soko la Mikelenge ilimchukua asubuhi nzima kwa sababu alikuwa ameibandika vizuri.

Lakini siku ile Dieumerci alipoondoka, matanga yalikuwa bado hayajainuliwa. Josiane alimsindikiza mjukuu mpaka barabarani. Hakumkataza, alisema amechoka kukataza. Aliporudi hakwenda kwa wanawake wenzake. Alipita katikati ya mikeka mpaka kwenye ule wa mwisho, akaketi karibu na Twaibu, karibu kabisa, kama watu wawili wanaongoja gari moja.

"Papa Idrissa," alisema, "kule karyere, kapita iko?"

"Hapana. Kule kila muntu anachimba yake."

"Mushimo ikianguka?"

Twaibu alichomoa unyasi kwenye ukingo wa mkeka.

"Nakuulizia," Josiane alisema. Hakuwa na hasira, alitaka kujua tu. "Mushimo ikimwangukia, nani atakuya hapa kuniambia?"

Twaibu alitafuta jina la mtu, la yeyote, na hakulipata. Wanawake waliita kwamba wali umeiva. Josiane hakuinuka; alibaki amemgeukia, anangoja jibu.